Mama Nyuzi na Kitambaa cha Kengele

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Wiki hii tumemzika Mama Nyuzi, mfuma sweta, aliyefuma kitambaa cha kupitisha umeme. Ndiyo, umeme. Na kitanda cha kufumia alikiunda mwenyewe, kwa droo ya kabati na misumari.

Ilianza na wifi yake. Wawili hawa walitaniana miaka arobaini, na si utani wote ulikuwa utani. Kisha wifi akapooza. Sauti ikapotea, vidole vikalegea. Siku moja Mama Nyuzi yuko jikoni anajiimbia, kumbe mwenzake chumbani amelowa mkojo tangu asubuhi. Kengele ya kubonyeza alikuwa nayo. Nguvu ya kubonyeza hakuwa nayo. Alimkuta anatazama ukuta, machozi yamemwingia masikioni.

Mama Nyuzi akaamua: atafuma kitambaa ambacho kiganja kikikilalia tu, kengele inalia.

Akaomba waya wa shaba kwa fundi wa mota, mwembamba kama unywele. Akafuma vitambaa viwili, pamba na shaba, pamba na shaba, wiki tatu. Katikati akaweka sponji yenye matundu, ili vigusane vikikandamizwa. Akaunga betri na kengele. Kimya.

Fundi alipoitwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

“Shangazi, waya huu umevaa koti. Una vanishi mwili mzima. Umeme utapita wapi?”

Mama Nyuzi hakubishana. Alifumua vyote. Akaupitisha waya ndani ya msasa uliokunjwa, shibiri kwa shibiri, mpaka shaba ikang'aa. Akaanza upya. Wiki tatu nyingine.

Binti wa wifi anasema: “Tulimlaza mama mkono juu ya kitambaa. Kengele ikalia. Akauteremsha pembeni, ikanyamaza. Akaurudisha, ikalia. Akacheka kwa upande mmoja wa uso.”

Saa ile ya kwanza Mama Nyuzi aliitwa mara kumi na tisa. Mara maji, mara pazia, mara hakuna kitu, anatazamwa tu. Akasema, “Wifi yangu amepona. Ameanza tena kunituma.”

Miaka sita kengele imelia. Miaka sita wifi hajalowa tena bila mtu kujua. Na vitambaa vingine kumi na kimoja vimo majumbani mwa watu, vyote vimetoka kwenye droo ile ile.

Poleni wanawe. Pole fundi. Na pole sana wewe wifi mtu, tunajua unatusikia hapo ulipolala.

Wasikilizaji wapendwa, zimeni redio kidogo. Ingieni chumba cha ndani, kwa yule asiyeweza kuita. Muulizeni anataka nini.