Swali la Kivuva

Kijiwe chao kule Majengo, Pumwani, kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali nyuma ya kinyozi, mahali Lydiah alipouzia kahawa chungu yenye tangawizi. Jumapili hiyo ya mwaka tisini na tano, Muasya, mchonga vinyago, alikuwa ameshika kikombe chake mpaka kikapoa. Mdogo wake Kivuva alikuwa rumande mwezi wa tano sasa, ameshtakiwa kuvunja stoo kule Indastria, eneo la viwanda, na kuiba marobota ya nguo. Wakili hakuwa naye. Shahidi wa maana alikuwa mmoja tu: Kabeya, fundi cherehani kutoka Zaire, aliyesema alimwona Kivuva akiruka ukuta. Jumanne, kesho kutwa, Kivuva angesimama amhoji.

—Hebu rudia, Muasya, alisema Masinde, ambaye aliwahi kufagia mahakamani na tangu hapo akaitwa Wakili. Hakimu alisemaje?

—Alimwambia, "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" Kivuva badala ya kuuliza akaanza kuhutubia. Eti mheshimiwa, huyu hana kipande, hana kitambulisho chochote, huyu ni mtu wa kuja. Hakimu akamkata. "Nimesema swali. Na kipande chake kinahusu nini hapa?"

—Hapo ndipo mlipolala! Masinde alijipiga kofi gotini. Mtu bila karatasi, kisheria hayuko Kenya. Na kama hayuko Kenya, ataonaje ukuta ulio Indastria?

—Buda, wewe koti uliifagia, hukuisomea, alisema Opicho, dereva wa lori waliyemwita Redio kwa kuwa habari hazikumpita. Shahidi hakuwepo, Kivuva hakuwepo. Marobota yalitembea?

—Yanaweza! Stoo ile ina bima. Tajiri mwenyewe aliyabeba usiku, akavaa kofia ya Kivuva.

—Na hiyo kofia aliitoa wapi?

—Usiniulize maswali ya karau, hapa si kituo cha polisi!

Lydiah alicheka. Muasya hakucheka.

—Mambo ya karatasi si hayo, alisema polepole. Kabeya alishikwa kwenye msako wa wageni, Alhamisi moja kabla ya kesi kuanza. Sote tulimwona akipandishwa lori la polisi, futi yake bado shingoni. Ijumaa akaandikisha ushahidi. Jumamosi yuko kwenye cherehani yake, hana karatasi, hana kesi. Hilo ndilo Kivuva alitaka kusema. Alipolitoa mwishowe, hakimu aliweka kalamu chini. Akasema, "Hilo waweza kumuuliza." Basi saa zikawa zimeisha, kesi ikaahirishwa.

Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kumwona rumande, Muasya alisimama upande wake wa waya na kumfundisha mdogo wake kuuliza. Si hotuba, Kivuva. Swali. Ulikamatwa lini? Kwa kosa gani? Nani alikuachilia, na ulimwahidi nini?

—Ameyashika? aliuliza Masinde.

—Ameyashika. Juzi aliyasema yote bila kigugumizi.

Opicho alikohoa, akatabasamu kama mtu mwenye zawadi mgongoni.

—Basi, wazee, mimi nimewarahisishia. Ijumaa nilienda uhamiaji mwenyewe. Nikawapa nyumba ya Kabeya, mlango, mpaka saa anayoamka. Leo asubuhi wamembeba. Kesho wanamvusha mpakani Busia, aende zake.

—Na mkewe? aliuliza Lydiah.

—Ameachwa mlangoni na watoto. Analia. Opicho alishusha macho kidogo. Lakini ushahidi umeenda, si ndiyo?

—Umeenda kabisa! Masinde alisimama. Kesi imekufa! Kivuva analala kwake Jumanne. Na serikali itamlipa fidia, wampe hata ploti!

Muasya alihisi kifua kikifunguka. Alitaka sana kuamini. Akanywa kahawa yake yote mara moja, ingawa ilikuwa baridi.

Kando yao alisimama mwanamke mwenye chupa ya chai, akingoja ijazwe kahawa. Alikuwa Khalayi, aliyehamia plotini kwao wiki hiyo kutoka Baba Dogo.

—Samahani, wazee. Nimesikia tu. Yale aliyosema huyo fundi, hakimu aliyaandika?

—Yote, alisema Muasya. Kurasa tatu, ziko kwenye faili.

—Na Jumanne Kivuva atamuuliza nani?

Masinde aliupapasa ubao nyuma yake. Akaketi. Lydiah aliacha kumimina.

—Mimi nilikuwa nasaidia, alisema Opicho. Muasya, ndugu yangu, si nilikuwa nasaidia?

—Najua, Opicho.

—Wakili, sema kitu basi. Wewe umekaa koti.

Masinde alitazama viatu vyake.

—Mimi nilikuwa nafagia tu, alisema.

Muasya aliinuka ili aende rumande kwa Kivuva, akakumbuka kwamba Jumapili hawaruhusu wageni, akaketi tena.