Kifungo cha Upinde wa Mzee Ésaïe

Benchi letu ni ubao wa mkaratusi uliowekwa juu ya mawe mawili, kwenye kona ya juu ya mlima, upande ambao Butembo inaangalia barabara ya Beni. Kutoka hapo unaona barrière, kizuizi cha askari, kule chini, kama hatua mia mbili, na uwanja wa kando yake ambapo malori yanashusha watu na mizigo. Mimi ndiye ninayechemsha kahawa, mtoto wangu Sagesse akiwa mgongoni. Wateja wa kila asubuhi ni wawili. Wa kwanza ni Edmond, tunamwita Procureur, yaani mwendesha mashtaka, kwa sababu zamani alifagia ofisi za mahakama na sheria zikamwingia puani pamoja na vumbi. Wa pili ni Zorobabel, tunamwita Antenne, kwa sababu ya redio yake isiyo na betri, ambayo hata hivyo haikosi kumletea habari. Siku ya soko anaongezeka Mzee Ésaïe wa Musienene, mwenye viazi. Ilikuwa mwaka wa 2003, vita vingali upande wa Mambasa, na asubuhi hiyo mzee alikuja na upinde ndani ya mkeka.

— Muzee, bale ba barrière bamekuacha upite na silaha? akauliza Edmond.

— Baliniuliza: weye ni mupiganaji wa Mai-Mai? Nikasema: hapana, mi ni wa viazi. Bakacheka, bakatwaa viazi tano, nikapita.

— Na bunduki yako ya zamani?

— Niliizika. Ukiwa na bunduki, kila kundi inakuuliza uko wa nani. Na nyani iko namaliza mahindi yangu. Haiko nangojea amani.

Zorobabel akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mais Muzee, macho yako haionake! Juma ilipita ulisalimia gunia ya makaa: "Mama, habari ya nyumbani?"

— Na haikuitika, akasema mzee. Batu ba Butembo banakosa adabu.

Kisha akatuonyesha uzi wa upinde. Katikati alikuwa ametenganisha nyuzi na kufunga humo kifungo cheusi cha koti, chenye tundu moja dogo lililotobolewa kwa msumari wa moto.

— Ukivuta uzi, kifungo inakuja mbele ya jicho. Unaangalia mu tobo. Yote inakuwa giza kidogo, mais nyani inakuwa moja. Bila tobo minaonaka nyani tatu, sijui nipige gani.

— Na kifungo uliitoa wapi?

— Ku koti ya marehemu mama ya batoto. Yeye njo alikuwa nanionyeshaka vitu vya mbali.

Edmond akainua kidole.

— Artikle ya kwanza ya sheria, akasema. Kidole kimoja haivunjake chawa. Donc, jicho moja haiwezi kupiga nyani.

— Jaribu, Procureur.

Edmond akafumba jicho moja, akabandika jingine kwenye tundu la kifungo, akageukia nyumba ya mapadri.

— Eh! Minaona soksi za padri ku kamba! Moja iko na tobo!

— Ile ni tobo ya kifungo, akasema Zorobabel.

— Hapana, ni ya kidole ya padri. Sasa nimeelewa. Jicho ni kama soko, batu banaingia bote pamoja, hakuna mutu anasikilizana. Tobo ni barrière. Kila kitu inapita moja moja, na inaonyesha askari carte yake.

— Weye hauelewe, akasema Zorobabel. Macho haina pazia, bazee balisema. Njo maana tobo inafanya kazi: inawekea macho pazia!

— Ile mezali haina maana hiyo, akasema Edmond.

— Leo iko nayo. Sikiliza tena: bale bazungu ba angani, na mashini zao, banaangaliaka ku tobo kama hii. Sasa hivi banaona viazi ya Muzee, banahesabu.

— Basi banaona nyani pia, akasema mzee. Banifukuzie.

— Na inchi! Zorobabel akasimama. Kuko mukubwa mu Kinshasa, mukubwa mu Goma, mukubwa mu Beni. Kumbe ni macho yetu tu! Tuangalie Congo mu tobo ya Muzee, tutaona mukubwa moja!

— Na kama tobo ikituonyesha hakuna hata moja? akauliza Edmond.

Zorobabel akaketi.

Mimi nilikuwa nikimimina kahawa. Lakini ile habari ya tundu nilikuwa nimeisikia. Tangu shule ya msingi nilikaa benchi la mbele, pua karibu na ubao, kwa sababu vya mbali kwangu ni unga uliomwagiwa maji. Na miezi nane ilikuwa imepita tangu mume wangu, Kambere, aende Beni kutafuta mawese, aendelee mpaka Mangina, na njia ifungwe nyuma yake. Hakuna barua, hakuna mtu aliyesema amemwona. Kila lori linalotoka Beni liliposimama kwenye barrière, niliacha birika na kushuka mbio, kwani kutoka benchini sikuweza kumtofautisha mtu na gunia. Nilifika chini, nikatazama sura moja moja, nikapanda tena. Procureur na Antenne walichunga moto. Hawakuniuliza kitu nikirudi. Waliongea kwa sauti zaidi tu.

Mzee Ésaïe akaniangalia.

— Mama Sagesse, kuya hapa uangalie na weye.

— Hapana, Papa. Kahawa itaungua.

— Kahawa haiungue. Kuya.

Wakati huohuo honi ikalia kule chini. Lori la Beni lilikuwa linasimama kwenye barrière, watu wamejaa juu ya mizigo. Mikono yangu ilikuwa tayari inafunga vizuri kitenge cha mtoto ili nikimbie. Mzee akanipa upinde.

— Muzee! Edmond akapiga kelele. Mwanamuke anaelekezea askari upinde! Batatupiga sisi bote!

Mzee akaufungua uzi kwa meno, akakitoa kifungo, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa bado na unyevu. Nikafumba jicho la kushoto.

Dunia ilipungua, ikawa na giza pembeni, na katikati wakawepo watu. Watu kweli, wenye miguu na mabega. Waliteremka na kupanga mstari mbele ya askari. Wanaume walikuwa saba, nikawaona wote bila kutoka mahali pangu. Mmoja alikuwa na dumu la njano. Mmoja hakuwa na viatu. Mmoja alijifunika taulo kichwani na kutugeuzia mgongo. Mmoja alikuwa mzee, watatu vijana wa mizigo.

— Iko? akauliza Zorobabel polepole. Hajawahi kuniuliza hivyo.

Kambere aliondoka na koti la kahawia. Kwenye kiwiko cha kushoto nilimtilia kiraka cha kijani, kwa kuwa kitambaa cha kahawia sikupata, na aliniambia kwa kucheka kwamba hata akipotea, nitamjua kwa kiraka. Nikatafuta koti hilo kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kisha kutoka mwisho mpaka mwanzo.

— Haiko, nikasema.

Nikaketi. Kwa mara ya kwanza katika miezi nane, lori la Beni lilisimama na mimi sikushuka.

— Unaona? Edmond akafurahi. Tobo imekuokolea miguu! Artikle ya pili: muvumilivu anakulaka mbivu, akiketi.

— Na mtoto hatarukaruka tena ku mugongo, akasema Zorobabel. Muzee, ubaki na upinde, kifungo umuachie Mama Sagesse. Kila lori itapita kwanza hapa kwake, kisha ku askari.

— Na nyani? akasema mzee. Lakini hakunidai kifungo.

Nilikishika ndani ya ngumi. Nilipaswa kufurahi. Nilichosikia ni miguu yangu tu, haikuwa na kazi, nami sikujua niiweke wapi. Kule chini lori lilisogea mpaka uwanjani, wakaanza kushusha.

Ndipo akapanda kwetu mwanamke mwenye sufuria kichwani na vumbi mpaka kwenye kope. Alisema anaitwa Séphora, ametoka ndani ya lori lile, na anaomba kahawa hata kama si ya moto. Nikamimina. Edmond, ambaye hawezi kuacha mgeni bila kesi, akamweleza yote: tundu, soksi za padri, miezi nane, koti la kahawia, kiraka cha kijani.

Séphora akasikiliza mpaka mwisho. Akanywa, akanigeukia mimi.

— Bwana yako alikuwa Beni?

— Ndiyo, Mama. Beni, na Mangina.

— Mais Beni kuko joto, akasema. Koti, angeivalia nini?

Procureur alitafuta artikle ndani ya kikombe chake, hakuipata. Zorobabel alizungusha kidude cha redio iliyokufa. Mzee Ésaïe aliangalia uzi wa upinde wake, pale palipokuwa na kifungo.

— Ile koti mutu angeuzisha siku ya kwanza, Séphora akaendelea, bila ubaya. Huko balipokimbia hakuna mutu alitoka na nguo aliingia nayo.

— Mama, nikasema. Juu ya lori, mulikuwa na mutu moja anaitwa Kambere?

— Hatukuulizana majina, binti yangu. Tangu Beni tulikuwa tunanyamaza.

— Yule wa taulo?

— Alikaa nyuma yangu. Vumbi. Sikumuona uso.

Nikafungua ngumi. Kifungo kilikuwa kimeniachia alama ya duara kwenye kiganja. Nikamrudishia Mzee Ésaïe kwa mikono miwili.

— Wasingya, asante, Papa. Hii ni ya nyani. Mimi nitasogea karibu.

— Enda, binti, akasema mzee.

— Enda mbio! akasema Edmond. Birika tunachunga!

Nikamkaza Sagesse mgongoni, nikashuka. Viatu vilinitoka kwenye mteremko, nikaviacha. Uwanjani walikuwa wamebaki watu wachache karibu na lori, na kwa mbali wote walikuwa unga na maji kama kawaida yangu, kila mmoja angeweza kuwa yeye. Sikutafuta koti. Nikaanza na yule mwenye taulo kichwani.