Mzinga Unaotuma Meseji

Ndani ya Probox ya kwenda Kibwezi, Mwau mfuga nyuki alimwonyesha simu mama muuza asali aliyekaa kati yetu. Chini ya mzinga wake Mwau amewekewa mizani inayomtumia meseji ya uzito kila asubuhi. "Mwanzo ulikuwa kilo ishirini na nane, mama. Leo kumi na tisa! Na ufunguo wa shamba ako nao ndugu yangu peke yake. Naenda kumshtaki kwa chifu."

Nikajitegea kitendawili: nani husema kweli na hajaona kitu? Nikajijibu, mizani.

"Baba, kwenu mvua imenyesha?" mama akauliza.

"Hata tone, tangu mwezi wa tano."

"Basi bila maua nyuki wale nini, simu?"

"Hii mashine haidanganyi!"

"Sijasema inadanganya. Mwizi hubeba siku moja. Nyuki wenye njaa hula asali yao kidogo kidogo. Meseji za nyuma zinasemaje?"

Mwau akakohoa. "Zinakuja kila siku. Nilizoea, sikuzifungua."

Gari likasimama kwa chifu. Mwau akashuka, lakini hakuingia. Alibaki pale getini, miwani puani, akizifungua zile meseji moja moja, na dereva akaondoka kabla sijaona uso wake umesema nini.