Kura za Konetikati na Ndizi za Mama Urbanus

Ukitoka Marikiti ya Machakos kwa mlango wa nyuma utakuta benchi refu limeegemea ukuta wa duka la mbegu, mguu wake mmoja ni tofali. Kushoto ni cherehani yangu, kulia ni jiko la Mama Urbanus, na katikati wanakaa wanaume ambao, mvua ya Novemba ikinyesha hivi, wangekuwa shambani wakipalilia mahindi kama wangekuwa na haya. Wanafuata kahawa. Mama Urbanus anaipika kali, yenye tangawizi, ndani ya dele, lile birika la shaba, kama wafanyavyo Pwani, maana yeye na marehemu mumewe waliishi Likoni hadi mwaka wa tisini na saba, kura zilipokaribia na vikaratasi viliposambazwa kuwaambia watu wa bara warudi kwao. Alitoka na dele hilo mkononi, na mwanawe Urbanus nyuma yake amebeba godoro. Mezani pake kuna mahamri, njugu na machungwa. Wakati wa habari hii ndizi hazikuwapo tangu mwaka uliotangulia, na sisi tulikuwa tumezoea.

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka wa elfu mbili na sita, kahawa ilikuwa mbaya. Haikuwa na tangawizi na ilinuka moshi, lakini hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu sote tulijua akili ya mpishi iko wapi. Urbanus yuko Amerika, anatunza wazee katika jimbo la Connecticut, ambalo benchi letu lilikubaliana zamani kuliita Konetikati. Kila Jumapili baada ya misa humpigia mama yake simu. Sasa Jumapili mbili zilikuwa zimepita kimya, mama akijaribu namba yake anaambiwa mteja hapatikani, na katikati ya Jumapili hizo mbili Waamerika walikuwa wamechagua wabunge.

Aliyetuletea habari za kura ni Ndunda. Tunamwita Redio kwa sababu anatembea na redio ndogo shingoni, amefungia kwa kamba ya viatu.

REDIO: Nimesikiza asubuhi. Konetikati iko na wilaya tano za kuchagua watu wa bunge yao, hiyo Kongresi. Nne zimeisha. Moja imekwama, ile ya pili. Wanahesabu tena.

MAMA URBANUS: Ya pili ndio ya Urbanus.

REDIO: Tofauti ni watu kidogo sana, Mama. Hawajazi hata basi mbili za Kitui.

Alidhani anamtuliza. Mama Urbanus aliliweka dele chini polepole, akajifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na maji.

Mzee Kioko akakohoa. Yeye tunamwita Returning, kama ofisa wa kusimamia uchaguzi, kwani aliwahi kulinda sanduku la kura kule Mitaboni, na tangu siku hiyo hajapata jambo jingine la kumfurahisha kulizungumzia.

RETURNING: Kuhesabu tena si kitu kizuri. Mimi nimelala na sanduku. Sanduku ikifunguliwa mara ya pili haitoi watu walewale.

REDIO: Huko ni Amerika, mzee.

RETURNING: Sanduku ni sanduku.

Hapo akaingia Josphat, ambaye jina lake la benchini ni Ambasada. Amenyimwa viza mara mbili. Hoja yake ni kwamba ubalozi ni ardhi ya Amerika, kwa hivyo yeye ameshakwenda Amerika mara mbili na kurudi siku hiyo hiyo, na mtu aliyesafiri hivyo hawezi kubishiwa na wakulima wa Kathiani.

AMBASADA: Nyinyi hamuelewi hiyo nchi. Kila wilaya iko na wenyewe. Ya kwanza ni ya watu wa bima, ya nne ni ya matajiri wa kuenda New York, na hiyo ya pili ni ya watu wa manowari. Zile za kuenda chini ya maji. Wanazitengeneza hapo hapo.

REDIO: Hiyo ni kweli, hata mimi nimesikia.

AMBASADA: Sasa fikiria. Mtu ameshindwa na watu wa basi mbili. Ameudhika. Na ako na manowari.

RETURNING: Atafanya nini nayo?

AMBASADA: Ataingia na sanduku ndani, aende chini. Nani atamfuata?

Returning alilipima jambo hilo kwa uzito wake wote, kisha akasema kwamba sanduku likiloa karatasi zinashikana, na kura zikishikana sheria inasema zihesabiwe kama moja. Nilimuuliza ni sheria gani hiyo. Akaniambia nishone nguo. Siku nyingine ningecheka, lakini nilikuwa nikimtazama Mama Urbanus, na yeye alikuwa akitazama simu yake iliyolala kando ya machungwa.

Ndipo akatoa lile lililokuwa likimla.

MAMA URBANUS: Ile siku alipiga mwisho aliniambia kitu. Ati kwa barabara yao watu wamesimamisha vibao mbele ya nyumba, iko na jina ya mtu wao. Jirani wa kushoto ako na ya mmoja. Wa kulia ako na ya yule mwingine. Yeye alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Redio aliizima redio yake. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa ubaya wa nyumba kuwekwa alama wakati wa kura, na mwenye nyumba ya katikati kuwa mgeni.

MIMI: Na yeye kwake ameweka gani?

MAMA URBANUS: Hakuna. Hiyo nyumba yake ndio haina.

RETURNING: Aiya. Hapo amekosea. Asiye na kibao anapigwa na wote wawili.

REDIO: Akiweka moja je?

RETURNING: Atapigwa na nusu. Lakini nusu ni afadhali. Hata ingekuwa mimi ningeweka zote mbili, kwa mti moja. Upande huu jina ya huyu, upande ule jina ya yule. Unakaa kwa dirisha. Ukiona nani anakuja, unageuza.

REDIO: Na wakija pamoja?

Swali hilo lilimshinda, akaomba kahawa nyingine. Ambasada akasema dawa ni bendera ya taifa, kubwa, ifunike nyumba yote mpaka mlango usionekane. Redio akasema dawa ni Urbanus kuhamia Massachusetts, jimbo la jirani, ambako watu wa kwetu wamejaa mpaka wanafanyiana harambee. Kila mmoja alizidi kupaza sauti, na nilianza kukasirika, kwa sababu niliona kila wanachosema kinamwingia mama wa watu kama msumari na wao hawaoni. Nikawaambia waache. Hawakuacha.

MAMA URBANUS: Akipiga nitamwambia ahame. Leo leo. Aache vitu. Vitu hununuliwa.

Alisema hivyo akiwa ameshika mkono wa dele.

Simu ikalia mvua ikiwa imezidi. Namba ilikuwa ndefu na hakuna aliyeitambua. Mama Urbanus alirudi nyuma hatua moja, akasema namba ngeni huleta habari mbaya za mtu, na hakunyoosha mikono. Iliendelea kulia. Returning akasema ipokewe na mwanamume, halafu akawa wa kwanza kuketi. Nikaondoka kwenye cherehani, nikabonyeza kitufe, nikabonyeza na kile cha spika ili wote wasikie, nikamwekea karibu na mdomo.

URBANUS: Mwaitu, ni mimi.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba chetu, na hiyo ilikuwa sauti ya mwanawe. Mama Urbanus akaishika simu kwa mikono miwili.

URBANUS: Mwaitu? Ni Urbanus. Hii ni simu mpya. Ile ingine ilianguka kwa maji nikiogesha mzee, na namba zote zilikuwa ndani. Hata yako nimetafutiwa na mtu.

MAMA URBANUS: Uko wapi?

URBANUS: Niko nyumbani. Nimetoka kazi ya usiku sasa hivi.

MAMA URBANUS: Nyumbani kwa nani?

URBANUS: Kwangu, mwaitu. Pale pale tu.

Sitaficha, machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi. Redio alikuwa amemshika Ambasada bega kana kwamba ni mwanawe yeye aliyepatikana. Mama Urbanus alikaa chini juu ya gunia la makaa na leso yake safi, bila kujali, akamuuliza kijana kama amekula. Alikuwa amekula. Akamuuliza tena.

RETURNING: Muulize vibao.

URBANUS: Huyo ni Mzee Kioko? Shikamoo mzee. Vibao gani?

RETURNING: Ya kura. Ya majirani.

URBANUS: Aa, hizo. Zimeng'olewa. Mzee wa kushoto aling'oa yake, halafu akaenda akang'oa na ya huyu wa kulia.

Returning alisimama. Alikuwa amelisubiri jambo hili mchana kutwa, na sasa lilikuwa limefika.

RETURNING: Nimewaambia. Amemng'olea. Na huyo wa kulia alifanya nini?

URBANUS: Alimwambia asante. Anaumwa na goti, hawezi kuinama.

RETURNING: Lakini kura bado zinahesabiwa.

URBANUS: Zinahesabiwa, ndiyo.

RETURNING: Na hawajui nani ameshinda.

URBANUS: Hakuna mtu anajua, mzee.

RETURNING: Na amegusa kibao ya mwenzake.

URBANUS: Ameziweka zote kwa stoo yake. Anasema hizo nyaya za kuzisimamisha zitafaa kuegemeza nyanya mwaka ujao. Juzi walikuja wote wawili kuazima reki yangu, majani ya miti imejaa kwa ua. Wananiuliza kwa nini niko na macho nyekundu, nikawaambia ni kazi. Siku ya kura nilifanya shifti mbili, nikalala, hata sikuona ikiisha.

Returning aliketi tena. Lakini Mama Urbanus alikuwa ameshaamua tangu kabla ya simu kulia, na uamuzi wa mama hautoki upesi hata hofu ikitoka.

MAMA URBANUS: Urbanus. Bado nataka uhame hapo.

URBANUS: Kwa nini?

MAMA URBANUS: Uhame tu.

URBANUS: Nihame kwa nini, mwaitu? Nimekosea nani?

Mama Urbanus akainua macho, akatuelekezea ile simu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na majibu mchana kutwa.

MAMA URBANUS: Anauliza kwa nini. Mwambieni.

Ambasada alipata jambo la kutazama kwenye kiatu chake. Redio akazungusha redio ambayo ilikuwa imezimwa. Mimi nilirudi kwenye cherehani nikakanyaga pedali, na hapakuwa na nguo chini ya sindano. Tulimsikia Urbanus akingoja, tukasikia na gari likipita huko kwao, kisha kadi yake ya kupigia ikaisha na simu ikakatika.

Mama Urbanus akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena, na sisi tukacheka naye kwa sababu kifua kilikuwa kimefunguka na hakuna lingine la kufanya. Akaliosha dele. Kahawa yote mbaya aliimwaga mtaroni, akatwanga tangawizi kwa hasira nzuri, na iliyotoka safari hiyo ilikuwa kahawa ya kweli. Hakutaka mtu aguse mfuko. Ambasada akasema alikuwa akizitilia shaka hizo manowari tangu mwanzo.

Tulikuwa hapo, tumejaa raha, mwanamke mmoja mgeni alipokimbilia kwetu kujikinga mvua. Alikuwa mtu wa Syokimau, amevaa viatu vya ofisini, anakwenda Kathiani kuwaona wakwe zake. Akapewa kikombe na nafasi ya kukaa. Akatazama mezani.

MGENI: Mama, huna ndizi?

Redio ndiye aliyemweleza, akicheka. Mwaka jana tulipopiga kura ya maoni juu ya katiba, ndizi ilikuwa alama ya kusema ndiyo na chungwa alama ya kusema la. Kwetu huku watu wengi walikuwa wa chungwa. Mama Urbanus akaondoa ndizi mezani kabla mtu hajamuuliza yuko upande gani, akaacha machungwa peke yake, na hivyo hakuna aliyemsumbua.

MGENI: Lakini hiyo si iliisha?

REDIO: Iliisha.

MGENI: Mwaka mzima sasa. Basi mbona mpaka leo hauzi?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na njaa tu, na alipenda ndizi. Mama Urbanus alimtazama, akaitazama meza yake, na nikaona lile swali la Urbanus limerudi tena kwa sauti nyingine. Akampa mgeni hamri, akamwambia samahani, leo hakuna.

Kesho yake nilipofika kufungua, mkungu ulikuwa umening'inia kwenye msumari juu ya meza, ndizi mbivu, za manjano, zinaonekana tangu kona ya barabara. Returning alinunua ya kwanza. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akaimenya. Nilimcheka sana. Halafu nikanunua yangu, na kabla ya kuimenya nikajikuta nami nimegeuka kutazama barabarani.