Mwalimu Crispina Binwag, Aliyerudisha Mpunga wa Zamani Nunbalyan

Tangu Jumanne nyumba hii imejaa watu, lakini iko kimya. Hakuna anayetuuliza, "Wewe, mikono yako ina kazi gani?" Aliyekosa jibu la swali hilo la dada yetu alijikuta ameshika jembe, chaki au upatu wa kupiga ngomani.

Marehemu Crispina Indunay Binwag alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa kijijini Nunbalyan, wilayani Hungduan, kifungua mimba wa Mzee Pugong na Mama Teodora. Sisi wanne tulimfuata. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Lagawe, kisha ualimu jijini Baguio, alikohitimu mwaka 1975. Wenzake wengi walibaki mjini. Yeye alirudi, akafundisha shule yetu hadi alipostaafu mwaka 2013.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Mateo Binwag, mchonga vinyago, na kwa desturi yetu wazazi wakamkabidhi yeye, kifungua mimba, shamba la ukoo. Kama wengi wakati ule, yeye na Mateo walipanda mbegu mpya inayovunwa mara mbili kwa mwaka. Mpunga huo hukatwa kwa mundu, harakaharaka. Ule wa zamani huiva mara moja, na wanawake huukata suke moja moja kwa kisu cha kiganjani, huku wakiimba. Mbegu ilipobadilika, wimbo wa mavuno ukanyamaza pasipo mtu kuukataza.

Jambo hilo lilimuuma, akaufundisha wimbo darasani kila Jumamosi. Mwaka 1996 watoto walishinda tuzo Lagawe, na Julai akawapeleka kwa fahari kuvuna kwa jirani aliyekuwa bado na mpunga wa zamani. Kila ubeti ulipoanza, walisimama wima, wakaweka mikono nyuma, wakaimba kama wako jukwaani.

"Mwalimu," Mateo alimwambia, "watu wako wakiimba hawavuni, wakivuna hawaimbi. Wagawe kwa zamu."

Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Dada yetu naye alicheka. Walipofika nyumbani alitangaza kwamba shamba lao linarudi kwenye mbegu ya zamani.

"Na miezi mingine tutakula nini?" Mateo aliuliza. "Beti?"

"Viazi. Na vinyago vyako vikinunuliwa, samaki."

"Basi tutakula viazi."

Walivila miaka mingi. Darasa la Jumamosi likahamia shambani. Watoto walijifunza kujenga upya kuta za mawe, kupanda, na kuimba wakiwa wameinama. Mateo aliwafundisha kuchonga. Polepole majirani wakaomba mbegu. Si wanafunzi wote waliobaki. Wengi wako Baguio na ng'ambo, na hilo hakulizoea.

Mwaka 2021 aliugua figo, akawa anasafishwa damu kila wiki. Kilichomnyima raha zaidi ni shamba. Kwa desturi lilikuwa la kifungua mimba wake, Rodel, dereva wa basi huko Baguio. Krismasi iliyopita alimwuliza mbele yetu kama atarudi.

"Mama, sitakudanganya. Nikilichukua litaota magugu, na wewe utanitokea kila usiku."

"Hata mchana nitakutokea, ukiwa kwenye usukani."

Tulicheka. Mzazi hawezi kumruka kifungua mimba. Ni yeye mwenyewe tu awezaye kuachia. Rodel aliinuka, akachukua kisu cha kuvunia cha mama yake, akakiweka mkononi mwa mdogo wake, Lilibeth. Marehemu akamwuliza Lilibeth kama mbegu zimeshasiwa kitaluni.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, 13 Februari 2024, Mateo akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto watatu, Rodel, Lilibeth na Jonas, wajukuu watano, ndugu wanne, na wanafunzi waliotawanyika kila mahali. Mungu ampe pumziko lenye amani.

Lilibeth anaanza kupandikiza miche Jumatatu. Dada yetu tunamlaza leo nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya ukuta wa shamba.