Wendell Stidham na Gari la Injini Nyuma

Mchungaji Caudill, dada yetu mpendwa Oleta, watoto, wajukuu, majirani, mliofanya kazi na marehemu katika kiwanda cha Willow Run, na ninyi ndugu wa Chama cha Corvair ambao magari yenu yameujaza uwanja wa kanisa tangu asubuhi, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba uvumilivu, kwa kuwa aliyepewa kazi ya kusoma historia hii ni Emmett Haddix, kaka wa mjane, ambaye wengi wenu mnajua kwamba alibishana na marehemu juu ya jambo moja kwa miaka hamsini na minne, na jambo lenyewe limeegeshwa hapo nje. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemteua, familia ikamshauri abadili mawazo, akakataa.

Marehemu Wendell Ray Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 huko Big Creek, Kaunti ya Perry, Kentucky, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Bwana Hobert Stidham, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Bibi Zella Stidham, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja hapo Big Creek, na mwaka 1954, kazi ya makaa ilipokauka, wazazi wake walifunga mizigo wakaja kaskazini hapa Ypsilanti kama walivyofanya nusu ya watu waliomo kanisani leo, akaendelea na sekondari, akachekwa kwa lafudhi yake ya milimani, akamaliza Juni 1956 akiwa na lafudhi ileile, na ndiyo aliyokufa nayo.

Tarehe 14 Septemba 1959 aliajiriwa kiwandani Willow Run, mwaka uleule kiwanda kilipoanza kutengeneza gari dogo jipya liitwalo Corvair, ambalo halikufanana na gari lolote la nchi hii, lenye injini nyuma na buti mbele, lisilohitaji maji kwa sababu injini yake ilipozwa kwa upepo wa feni, na kazi ya marehemu ilikuwa kuzipandisha injini hizo kutoka chini na kuzifunga mahali pake. Watu walilicheka, yeye akalipenda, na tarehe 3 Aprili 1962 akanunua la kwake, Corvair ya aina ya Monza, ya rangi ya bluu mpauko, na kama wahenga walivyosema, mpenda chongo huona kengeza.

Jumapili iliyofuata alikuja nalo nyumbani kwa akina Haddix kumposa Oleta, mama akiwa ameandaa maharagwe na mkate wa mahindi, na baba yao, Mzee Haddix, ambaye hakuwahi kumpokea kijana kabla ya kuikagua injini yake, akatoka nje, akafungua boneti, akakuta keki ya tufaha. Akaiangalia ile keki kwa muda mrefu, kisha akamwambia mgeni kwa huruma kabisa kwamba injini yake imeibwa. Oleta alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na Emmett, aliyekuwa amesimama pale, alijua siku hiyo kwamba dada yake ameshaondoka.

Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1962 katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Gayle aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1964, na Randall aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1968, ambao nao wamewapa wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Sasa historia hii inafika mahali ambapo familia iliomba parukwe na marehemu akaagiza pasirukwe. Jumamosi tarehe 29 Mei 1965, marehemu, mkewe na mtoto Gayle walikuwa safarini kwenda Kentucky kusafisha makaburi ya wazee kama tufanyavyo kila mwaka, na Emmett alikuwa nyuma yao akiendesha gari lake. Wenye Corvair mnajua, na wasiojua waelezwe, kwamba matairi ya gari lile hayajazwi upepo sawasawa, ni kumi na tano mbele na ishirini na sita nyuma, kwa sababu uzito wote uko nyuma, na ukiyasawazisha unalibadilisha tabia. Katika kituo kimoja cha mafuta huko Ohio, marehemu akiwa ndani ananunua mikate, mhudumu mmoja mwenye moyo mwema aliona matairi ya mbele yamelegea, akayajaza yakalingana na ya nyuma, hakumwambia mtu, na marehemu, aliyezifunga injini za magari hayo kwa mikono yake, aliondoka bila kupima.

Katika kona moja karibu na Paintsville gari lile liliinua kiuno, likageuka, likaingia kinyumenyume katika shamba la mahindi ya mtu, likasimama. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, mtoto hata hakuamka usingizini, lakini Emmett aliona yote kwa macho yake, na alipofika akikimbia alimkuta dada yake amekaa na kofia yake ya safari kichwani, mikono yote miwili imemkumbatia mtoto. Yapo mambo ambayo mtu akiyaona mara moja anayaona kila siku.

Emmett wakati huo alikuwa mkadiriaji wa hasara wa bima, kazi yake ilikuwa kuangalia magari yaliyopondeka, na palepale shambani alimwambia shemeji yake auze gari lile kabla ya Jumatatu. Marehemu akajibu, “Gari halina kosa, shemeji. Kosa ni la mkono ulioshika pampu, na mimi sikupima.” Emmett akamwambia kwamba gari zuri haligombani na mtu kwa sababu ya upepo. Ubishi ulianza hapo, ukaendelea miaka hamsini na minne, katika sikukuu zote, katika harusi za watoto, na mara moja katika chumba cha kungojea cha daktari wa meno.

Kabla mwaka haujaisha mwanasheria mmoja aliandika kitabu cha kulishutumu gari hilo, magazeti yakadaka, maseneta wakalijadili, na Emmett, kwa kuwa ukweli lazima usemwe mbele ya jeneza, alikuwa akinunua gazeti kila lilipoandika habari hizo na kuliacha mlangoni kwa marehemu, bila neno. Wateja walipungua, tarehe 14 Mei 1969 gari la mwisho likatoka kiwandani, marehemu akiwepo, akahamishiwa laini nyingine aliyoifanyia kazi mpaka alipostaafu mwaka 1993. Mwaka 1972 serikali yenyewe ilitoa ripoti kwamba gari lile, tabia zake zikipimwa, halikuwa baya kuliko mengine ya wakati wake, na asubuhi iliyofuata Emmett alikuta gazeti hilo mlangoni kwake, bila neno. Alimpigia simu marehemu kumweleza kwamba kuwa si mbaya kuliko wengine si sifa, marehemu akamwambia, “Basi shemeji, hata wewe tunakuvumilia kwa sifa hiyohiyo,” akakata simu.

Mwaka 1974 marehemu alianzisha Chama cha Corvair uani kwake, magari yakiwa manne, na leo hapo nje yako kumi na tisa, na wanachama wamemwomba msomaji, ingawa si mtu wao, aseme machache kwa niaba yao. Bibi Delphine Tackett, muuguzi mstaafu, anakumbuka usiku wa theluji aliposhikwa na uchungu, magari makubwa yote ya mtaani yamezama, na Corvair ya mumewe, kwa uzito wake wa nyuma, ikapanda kilima polepole bila wasiwasi, na mtoto yule sasa ni mwalimu mkuu. Bwana Lyle Niemi anasema hita ya gari la baba yake ilinuka mafuta ya injini, mama yake aliingia kanisani kila Jumapili akinukia kama gereji, na mpaka leo harufu ile ikimpitia anajiona mtoto kwenye kiti cha nyuma, mahali penye joto kuliko nyumba nzima. Wote wanataja kanuni aliyowafundisha marehemu, kwamba mwenye Corvair hampiti mwenye Corvair aliyekwama, na kila buti lazima liwe na mkanda wa feni wa akiba na spana yake, maana mkanda ule ukikatika huna safari. Siku moja ya Pasaka aliacha nyama mezani, akaenda Toledo kumfungia mkanda mtu asiyemjua, akarudi jioni na rafiki mpya, nyama imeliwa.

Marehemu alianza kuugua moyo Machi mwaka huu, akatibiwa nyumbani, na tarehe 23 Septemba 2019 akalazwa katika hospitali ya hapa mjini. Siku ya tatu alimwita Emmett, akawatoa wengine wote, na Emmett alikaa pale akijua kwamba sasa ataombwa alisifu lile gari, na alikuwa amejiandaa, kwa ajili ya mgonjwa, kusema uongo.

Hakuombwa hivyo. Marehemu alisema, “Nikifa watoto watamnyang’anya Oleta gari. Hawana ubaya, wanamwogopea. Lakini unamjua dada yako, bila gari lile ataona amezikwa pamoja na mimi.” Akaeleza kwamba macho ya Oleta ni mazima, mikono yake ni mizima, ameliendesha zaidi ya nusu karne na hajalikwaruza, ila magoti yake hayainami tena, hawezi kuchutama kupima matairi, na kazi hiyo ilikuwa ya mumewe kila Jumamosi tangu ile siku ya shamba la mahindi. Akasema, “Nataka wewe ndiye uwe unapima.”

Emmett alimuuliza kwa nini yeye, wakati chama kizima kinalipenda lile gari na kingegombania kazi hiyo.

Marehemu akasema, “Ndiyo hivyo, wanalipenda. Mimi nililipenda, nikapitiwa. Wewe unaliogopa tangu sitini na tano, shemeji. Wewe hutapitiwa hata Jumamosi moja.”

Msomaji amefika umri wa miaka themanini na mitatu, ameambiwa maneno mengi mazuri na watu wengi wenye adabu, na hajawahi kuaminiwa namna ile na mtu yeyote.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Juzi Jumapili familia ilikaa kikao, na Gayle, ambaye anampenda mama yake kuliko wengi wanavyopenda mama zao, alipendekeza gari lipelekwe kwenye jumba la makumbusho ambalo limekubali kulipokea, akasema, “Mama ana miaka sabini na minane. Muulizeni mjomba, yeye mwenyewe atawaambia lile gari ni hatari.” Wote wakamgeukia Emmett. Oleta aliweka ufunguo mezani, akaondoa mkono wake juu yake, na kaka yake, aliyemjua tangu siku aliyozaliwa, hakuwahi kumwona amezeeka mpaka dakika ile.

Emmett aliwaambia kwamba ndiyo, gari lile ni hatari, hajabadili neno hata moja, akawaeleza na aliyoambiwa hospitalini, na kwamba jana yake, Jumamosi, alikwenda gerejini na kigoda, akakaa kando ya kila tairi, akapima, akakuta la mbele kulia limepungua, akaliongeza. Ndipo Gayle akauchukua ule ufunguo, akalia nao mkononi kwa muda, akamrudishia mama yake. Familia inapenda kulisema jambo hili hadharani ili asiwepo jirani wala mwanachama atakayemshauri Oleta vinginevyo, na asiyeridhika amwone Emmett, ambaye ana uzoefu wa kubishana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu na kuvumilia hadithi zake za injini, inamshukuru Mchungaji Caudill na waumini kwa maombi, akina mama wa kanisa wanaopasha chakula huko chini sasa hivi, majirani waliofyeka nyasi bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Willow Run, na Chama cha Corvair chote, na wale ambao majina yao hayakutajwa wasione wamesahauliwa, bali karatasi ndiyo iliyokuwa fupi.

Kuhusu msafara, mbele litakwenda gari lenye jeneza, nyuma yake Monza ya bluu, ikiendeshwa na mjane mwenyewe, Gayle ameomba kukaa kando ya mama yake, na wengine mfuate kwa mpangilio, msiwapite, wala msiwapigie honi.

Mpaka hapa nimesoma kama nilivyopewa, na haya yanayobaki ni yangu. Wendell, gari lako silipendi, sikulipenda jana na sitalipenda kesho, na ndiyo maana Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale na kigoda changu. Pumzika kwa amani, shemeji.