Mume Wangu Hakuwa na Pepo: Malaria Ilipoziba Mishipa ya Kichwa

Bwana asifiwe, wapendwa! Nimesimama, na sikai mpaka niseme yote. Mimi ni Mama Kioko, yule anayeuza mboga pale Galbet, hapa mjini Garissa. Namshuhudia Mungu aliyenirudishia mume wangu, Mwalimu Mutua, mnayemwona ameketi kule nyuma.

Ndugu zangu, wakati huo tuliishi Ijara, alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Mvua ilikuwa imenyesha sana, maji yametuama kila mahali, mbu hawasemeki. Mutua alipata homa, akameza dawa za maumivu, akaenda kazini. Homa ikashuka, ikapanda tena. Asubuhi moja, mbele ya darasa, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Akavua shati, akataka kutokea dirishani! Walimu wenzake walimleta nyumbani wamemshika mikono na miguu. Hakunitambua. Mimi mke wake, ananitazama kama mgeni! Kisha akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni.

Watu walijaa uani. "Hilo ni pepo," wakasema. Mdogo wake, shemeji yangu Musyoka, akataka tumfunge kamba tumpeleke kwa mtu mmoja anayejiita nabii. Nilikataa. "Huyu ana homa tangu juzi," nikasema. "Kwanza apimwe."

Kwenye zahanati muuguzi alimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Akamchoma sindano, akaniambia, "Mama, huyu ni wa kupelekwa hospitali ya Garissa, na ni sasa hivi." Lakini ambulansi ilikuwa imeondoka na mama wa kujifungua. Ndipo Mungu akatuletea mtu! Jirani yetu Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa amejaza mbuzi kwenye pikapu yake kuwapeleka sokoni. Aliposikia, aliwashusha wote, akamwachia mkewe. "Banda gari, walaal, banda!" akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, yaani panda, ndugu. "Mbuzi itangoja. Mtu hangoji."

Barabara ile ni mashimo matupu. Nilikipakata kichwa cha Mutua, nikaomba kwa sauti njia nzima, na kule mbele namsikia Abdi, "Ya Allah, ya Allah."

Hospitalini walimtundikia maji ya sukari, maana sukari ya mwilini ilikuwa imeshuka. Sindano zikaendelea. Lakini Mutua hakuamka. Jua likatua, likachomoza, bado amelala. Musyoka akafika. "Shemeji, dawa imeshindwa. Malaria ya kawaida hailazi mtu hivi. Ninamchukua."

Hapo nilitikisika, sitadanganya. Nikamwendea daktari, nikamuuliza, "Malaria si ugonjwa wa damu? Mbona imemshika akili?"

Aliketi nami kwenye benchi akanieleza. Kijidudu cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huigeuza. Juu yake huota vinundu vidogo vinavyonata. Sasa, mwilini kuna wengu, ambao huchuja damu na kuziharibu chembe mbovu. Kijidudu hakitaki kupita huko, basi huishikiza chembe yake kwenye ukuta wa mshipa mwembamba. Moja inanata, nyingine inanata, mpaka damu inakosa pa kupita. Kwa Mutua, mishipa hiyo ilikuwa ya ubongo. "Dawa inaviua vijidudu," akasema, "lakini mishipa iliyoziba haifunguki mara moja. Mpe muda. Ukimtoa sasa, utamzika."

Ndugu zangu, maneno yale yalinipa nguvu! Nikarudi, nikasimama kati ya kitanda na mlango. "Musyoka, kaka yako haondoki hapa. Adui nimeshamjua, na dawa yake inaingia mwilini. Ukitaka kuomba, mshike mkono uombe hapa hapa." Alikasirika, akatoka. Baadaye akarudi, akaushika mkono wa kaka yake, akalia.

Siku iliyofuata nilikuwa nikimpangusa uso, Mutua akafumbua macho. Alinitazama sana. "Mama Kioko," akasema, "darasa langu liko na nani?" Haleluya! Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio.

Ni kweli, mkono wake wa kulia ulilegea, ikabidi ajifunze upya kushika chaki. Mpaka leo kuna maneno humpotea katikati ya sentensi, na wanafunzi wake humsubiri. Lakini anafundisha! Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari na wauguzi. Namshukuru Abdi, jirani yangu Muislamu, ambaye hakuuliza tunasali wapi.

Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, mtumaini Bwana, ila usimngoje ukiwa umeketi. Homa ikianza, akapimwe siku hiyo hiyo. Mtu wako akianza kuweweseka, usihangaike kulitafutia pepo jina. Mbebe! Omba, lakini omba ukiwa njiani kwenda hospitali. Na ukikosa wa kukusindikiza, njoo Galbet uniite. Nitafunga kibanda, twende.